Baskeli yako ya resi uitie vitu vipya au utafute nyengine? Anza na fremu

Assalaam alaykum jamani. Suali ninaloulizwa sana na vijana tunaopiga nao baskeli asubuhi ni hili: yakhe, mie nna baskeli ya resi ya kawaida, ile ya kuanzia, sasa niitie vitu vipya au niiuze nitafute nyengine? Na mara nyingi mtu akiuliza hivo pesa ishakaa mfukoni na roho ishaenda kwenye gea alizoziona kwenye simu usiku. Mie namwambia ngoja kwanza. Jibu lako halipo kwenye gea, lipo kwenye fremu, na fremu ndo kitu ambacho wengi wetu hatukiangalii hata siku moja.

Nasema hivi kwasababu imenikuta. Nlinunua baskeli ya Kijapani iliyotumika, imeshuka na kontena, fremu ya aluminiamu, gea nane nyuma, rangi ya buluu inang'aa, muuzaji akaniambia hii saizi yako kabisa wala usitie shaka. Nkaipanda pale njiani kidogo tu nkaridhika, nkalipa. Baada ya miezi miwili shingo inauma, bega linauma, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi kila nikifika Tunguu. Mie nkadhani baskeli nzito. Nkabadilisha rimu. Nkabadilisha siti. Nkaagizia seti ya gea tisa Dar ikaja na boti, nkamlipa fundi aifunge, baskeli ikapendeza kweli, na ganzi iko pale pale.

Siku moja nkaipeleka kwa ami mmoja upande wa Darajani, fundi wa zamani, katengeneza baskeli za Phoenix za watu wa shamba tokea mie sijazaliwa. Hata hakugusa gea. Aliniambia niipande huku yeye kaishika siti kwa nyuma, akawa ananiangalia mikono na mgongo, kimya, afu akasema: "Mwanangu, hii baskeli ya mtu mrefu. Wewe kutwa unaufukuzia usukani." Nlipofika nyumbani nkapima bomba la juu, sentimita 58. Mie urefu wangu mita 1.70, na watu wa kimo changu wengi wanakaa vizuri kwenye 53 au 54 hivi. Pesa yote ile nliitia kwenye fremu isiyokuwa yangu. Ndo maana leo mtu akiniuliza habari ya gea namwambia nletee baskeli niione wewe ukiwa juu yake.

Kwanza andika kinachokukera

Kabla ya kwenda dukani kaa chini uandike, kwenye simu tu inatosha, nini khasa kinakusumbua kwenye baskeli hii. Usiandike "ya zamani" au "si nzuri", andika kitu kinachotokea na kinatokea wapi. Gea inaruka nikisimama kukanyaga. Breki haikamati mvua ikinyesha. Mgongo unauma nikipita kilomita 30. Wenzangu wananiacha kila tukitoka Kitogani kuelekea Paje. Haya ni malalamiko manne na kila moja lina dawa yake, na matatu kati ya hayo hayataki baskeli mpya hata kidogo.

Gea ikiruka mara nyingi ni mnyororo umekwisha au waya umeshika kutu ndani ya kava lake. Breki kutokamata ni mipira ya breki imekuwa migumu kama jiwe, au rimu zako ni za chuma, nalo nitalisema huko chini. Kuachwa na wenzako, kwa hapa Unguja, ni upepo na miguu na tairi kabla hujafika kwenye uzito wa baskeli. Maumivu ndo ya kuyachukulia kwa uzito, kwasababu maumivu yanatoka kwenye saizi, na saizi ya fremu huwezi kuibadilisha. Unaweza kurekebisha kidogo, ukatia shingo ya usukani fupi zaidi, ukapandisha siti ukaisogeza mbele au nyuma kidogo, ila ikiwa umepunguza shingo kutoka sentimita 11 mpaka 7 na bado mikono imenyooka kama unasukuma gari bas, fremu hiyo kubwa kwako. Iache iende kwa mtu wake.

Sasa ipindue uiangalie

Hii kazi mie naifanya barazani baada ya Alasiri, jua limeshuka, na tochi ya simu, kitambaa cha fulana kuukuu na ndoo ya maji ya bomba. Ioshe kwanza yote, kwasababu mchanga wa Paje na Jambiani unaingia pahala huwezi kudhani na ukishakauka na mafuta ya mnyororo unafanya tope jeusi linaloficha kila kitu. Ikishakauka ipindue, siti na usukani chini juu ya mkeka, anza kuipangusa taratibu bomba moja baada ya jengine.

Unatafuta ufa. Mapahala yake ni maungio: chini ya bomba la usukani pale linapokutana na bomba la chini, kuzunguka ekseli ya katikati ya pedeli, zile fimbo mbili za nyuma zinazokwenda kwenye gurudumu, na pale juu siti inapobanwa. Ukiona mstari mwembamba usijue kama ni mkwaruzo wa rangi au ni ufa wenyewe, chukua kipande cha pamba ukipitishe juu yake polepole. Mkwaruzo pamba inapita, ufa unanyakua nyuzi zinabaki pale zinaning'inia. Ndo nlivouona ufa kwenye baskeli ya jirani yangu, umeanzia karibu na ekseli ya katikati umekwenda kama robo ya bomba, kijana anaipanda kila siku mpaka Bububu na kurudi na alikuwa anapanga kuinunulia rimu mpya mwezi ujao. Aluminiamu ikishapasuka usiwaze kuchomea kwa fundi wa mageti. Joto linaondoa nguvu ya aluminiamu pale pembeni ya weldi, na baada ya hapo fremu inataka kupikwa upya kwa joto maalum ndo irudi. Fremu ya aluminiamu yenye ufa imekwisha, vua vitu vyake vizima uviweke.

Fremu ya chuma ina habari nyengine. Chuma unaweza kukichomea na unaweza hata kukipanua, ila hapa kwetu adui yake ni chumvi na inamla kutoka ndani. Maji yanaingia kupitia bomba la siti yanashuka mpaka chini kwenye ekseli ya katikati yanakaa hapo hapo. Vua nguzo ya siti, mulika ndani, ukiona unga wa kutu unamwagika au rangi ya nje imefanya malengelenge chini kwenye ekseli, gonga na mpini wa bisibisi usikilize. Pahala pazima panalia, palipoliwa panatoa sauti ya kufa.

Na hapo kwenye nguzo ya siti ndo kuna mtihani mwengine. Nguzo ya aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, ukichanganya na hewa ya bahari, metali mbili zinalana mpaka zinashikana kama zimechomelewa. Kama nguzo yako haitoki na siti iko kwenye kimo kisichokufaa, hilo tayari ni jibu nusu. Kama inatoka, ipake grisi leo hii, na uivue uipake tena kila baada ya miezi michache, usingoje.

Malizia na magurudumu. Rimu za breki za kubana zinalika pembeni kila unapofunga breki, na mchanga unazila upesi zaidi. Weka kingo ya rula juu ya ukuta wa rimu: ukiona mwanga unapita katikati, ukuta ushaingia ndani kama kijiko, na ukuta ukizidi kuwa mwembamba ipo siku utapasuka na tairi limejaa upepo. Rimu nyingi zina kishimo kidogo au mfereji wa alama, ukifutika bas rimu hiyo ishamaliza kazi. Kisha zungusha habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa mkono uhisi, ikikwaruza ndani golori zinataka kusafishwa na grisi mpya, hiyo si sababu ya kuuza baskeli, hiyo kazi ya nusu saa.

Mnyororo na rula

Hii kila mtu aijue kwasababu inaokoa pesa nyingi. Mnyororo wa baskeli, pini mpaka pini ya pili yake, ukiruka moja ya katikati, ni inchi moja kamili. Kwahivo chukua rula ya inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, tizama kwenye inchi 12. Pini ikiwa pale pale kwenye 12, mnyororo mzima. Ikiwa imepita kwa 1/16 ya inchi, nunua mnyororo mpya tu, kaseti, yaani yale meno ya nyuma, bado inafaa. Ikiwa imepita 1/8, umechelewa, meno ya kaseti yashafuata mnyororo na ukitia mnyororo mpya peke yake utaruka, unabadilisha vyote viwili. Kwa milimita, inchi 12 ni 304.8, ukiona 307 ushafika pabaya.

Sasa kwanini nakwambia haya kwenye mazungumzo ya kuuza au kutouza? Kwasababu nimeona mtu kaiuza baskeli nzuri, fremu saizi yake, kwa bei ya kutupa, kisa gea zinaruka, na tatizo lote lilikuwa mnyororo na waya mbili. Aliyeinunua bado anaipanda mpaka leo.

Vya kutia, kama fremu imepita

Fremu ikiwa saizi yako na nzima, mie msimamo wangu ni huu: itunze hiyo, na pesa uitie kwa mpangilio huu.

Tairi kwanza. Tairi zinazokuja na baskeli za bei ndogo ni ngumu na nzito, na hakuna kitu kimoja kitakachokufanya uihisi baskeli nyengine kama tairi nzuri laini. Kama breki zako na fremu zinaruhusu upana wa milimita 28, tia 28, usishikilie 23 kwa kuwa ndo uliyoona kwenye mashindano ya zamani, hata wakimbiaji wakubwa wa Ulaya washahamia kwenye 28 na zaidi. Barabara zetu kubwa lami yake si mbaya, lakini ukishaacha barabara kuu unakutana na vifusi na vijiwe vya matumbawe vyenye makali, na matuta kila kijiji, yale ya Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju ukiyapita na tairi la 23 lililojaa upepo mpaka kupasuka unayahisi kwenye meno. Mtu wa kilo 70 kwenye 28 anatosha na upepo wa psi 75 hivi. Pima kabla ya kununua: baina ya tairi na fremu, pande zote na chini ya breki, pabaki angalau milimita 4, mchanga upate pa kupita.

Baada ya tairi, mipira ya breki na waya zote, breki na gea, pamoja na makava yake. Kwa hapa waya haudumu, jamani. Mie nabadilisha kila mwaka baada ya masika, hata kama bado unafanya kazi, kwasababu masika yakimalizika kutu ishaingia kwenye kava na wewe huioni, unahisi tu gea inakuwa nzito kidole gumba kinachoka. Fundi akikutilia waya wa chuma cha pua, yaani ule usioshika kutu, bei yake zaidi kidogo, lipa.

Kisha vitu ambavyo utahama navyo. Siti inayokufaa, pedeli, pampu, taa. Hivi hata ukiuza baskeli mwakani unavivua unaondoka navyo, kwahivo hakuna pesa iliyopotea.

Uzito nauweka mwisho, na hapa najua wengine hatutokubaliana. Baskeli ya kuanzia ina kilo 10 au 11, unataka kulipa pesa nyingi ishuke kilo moja. Unguja ni tambarare. Kwenye tambarare, ukishafika kilomita 30 kwa saa, nguvu yako nyingi inakwenda kupasua hewa, na nguvu inayotakiwa kuipasua inapanda kwa kasi ikizidishwa yenyewe mara tatu, yaani ukitaka kuongeza kasi kidogo tu unalipa kingi. Nenda Makunduchi mwezi wa saba, kusi inakujia usoni tokea unapoiacha misitu, halafu niambie kama kilo moja ndo iliyokurudisha nyuma. Inamisha viwiko, vaa fulana inayobana badala ya ile inayopepea, kaa nyuma ya mwenzako kwa zamu, hivyo havina bei.

Pemba mambo mengine. Kule vilima havishi, unashuka unapanda unashuka unapanda, Chake mpaka Wete mtu wa Unguja anaomba maji. Rafiki yangu wa Wete alikuwa na baskeli ya zamani yenye spoketi za mbele za meno 53 na 39, kaseti mwisho 25. Gea yake nyepesi kabisa, 39 kwa 25, kila pedeli ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara 1.56, kama mita 3.3. Kwenye kilima cha tope la masika hiyo ni kazi ya farasi. Akataka kutia spoketi ya 34 mbele, haikukubali, kwasababu kranki ile, yaani ile mikono inayoshika pedeli, ni ya tundu tano, kipimo cha duara la bolti zake ni milimita 130 na haipokei chini ya 38. Akatafuta kranki ya 110 iliyotumika yenye 50 na 34, akatia kaseti ya mwisho 32 na derela, kile kinachohamisha mnyororo, ya kikono kirefu, sasa gea yake nyepesi ni mita 2.2 kwa pedeli moja. Anapanda amekaa. Fremu ile ile ya chuma, saizi yake, hakuuza kitu. Hiyo ndo nnayoiita kutia kitu chenye maana, kwasababu kilianza na lalamiko lililoandikwa: kilima fulani, nashindwa.

Vitu visivyokubali

Hapa ndo watu wanapoteza pesa kwahivo soma polepole.

Angalia nyuma kama una friwili, yaani meno ya kuzungusha kwenye nyuzi, au una kaseti inayovaa kwenye habu. Baskeli nyingi za bei ya chini kabisa zenye gea 6 au 7 ni friwili. Ukitaka kwenda gea 8 au 9 ya kaseti unabadilisha gurudumu zima la nyuma, na vishikio vya gea, na mnyororo. Kampuni ya Shimano, gea 8, 9 na 10 kaseti zake zinakaa kwenye habu moja, hiyo nafuu. Ya 11 ya barabarani inataka mwili wa habu mrefu kidogo, milimita 1.85 tu, lakini hizo milimita zinakulazimisha ununue gurudumu.

Pima baina ya masikio ya fremu pale ekseli ya nyuma inapokaa. Za kisasa kidogo zenye breki za kubana ni milimita 130. Za zamani utakuta 126 au 120. Fremu ya chuma fundi mzuri anaweza kuipanua kutoka 126, ya aluminiamu asiiguse.

Ukinunua ya zamani sana soma maandishi ya tairi. Ikiwa imeandikwa 27 x 1 1/4 hiyo si 700C, saizi ya baskeli za resi za kisasa, hata kama kwa macho zinafanana. Moja rimu yake milimita 630 nyengine 622, tairi halihami kutoka hapa kwenda pale, na tairi za 27 utazisaka mpaka uchoke. Na rimu zikiwa za chuma, zile zinazong'aa kama kioo, mvua ikinyesha breki hazina kazi, unabana na baskeli inaendelea. Hizo badilisha au ikimbie baskeli yenyewe.

Breki za diski kwenye fremu isiyo na pahala pa kuzifunga, sahau. Nimeona mtu kachomelewa kipande cha bati kwenye foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Nlimwambia aivue siku ile ile, foku haikutengenezwa kubeba nguvu upande mmoja hivo.

Hesabu

Tuseme, na hizi namba za mfano tu weka zako: baskeli yako ukiiuza leo unapata laki tatu. Unayoitaka, iliyotumika, saizi yako, gea bora, inauzwa laki nane. Tafauti yake laki tano. Sasa orodhesha unachotaka kutia kwenye ya zamani, pamoja na fundi, pamoja na nauli ya kuagizia Dar, pamoja na kile kitu kimoja kinachosahaulika kila mara ukarudi dukani tena. Ikifika laki moja au laki na nusu, na fremu nzima, tia. Ikipita nusu ya ile tafauti, simama, kwasababu vitu vipya kwenye baskeli ya zamani havipandishi bei yake unapouza, mnunuzi anaangalia fremu na rangi, gea zako za laki mbili atakulipia elfu hamsini akiwa mtu mwema.

Usitie seti nzima ya gea kwenye fremu ya kuanzia kwa sababu ya jina. Kutoka Shimano Claris ya gea 8 kwenda Shimano Sora ya 9, unalipia vishikio, kaseti, mnyororo, pengine na derela, unapata gea moja. Ngoja vitu vichakae vyenyewe. Kaseti ikiisha, mnyororo umeisha, na kishikio kimoja kimeanza kukataa, hapo ndo pa kukaa na kuhesabu, kwasababu ulikuwa utoe pesa kwa vyovyote.

Na jengine la sisi watu wa visiwa: kabla hujahamia kwenye kitu kipya, muulize fundi wako kama anacho hicho kitu kabatini. Mnyororo wa gea 8 unaupata. Wa 12 utaungoja boti, na Shimano 105 ya gea 12 ya umeme iliyotoka 2022 ni kitu kizuri sana lakini ikikufia Nungwi Ijumaa jioni nani ataigusa? Mie baskeli ninayoipanda sasa ina gea 9, breki za kubana, ekseli ya katikati ya nyuzi za kawaida, na hakuna kitu ndani yake ambacho yule ami wa Darajani hawezi kukifungua na spana alizonazo. Nimeichagua hivo makusudi.

Ukiamua kununua nyengine

Nenda na mkanda wa kupimia. Jua kipimo chako cha bomba la juu kabla, chukua kutoka baskeli ya mtu wa kimo chako ambaye haumwi. Nenda asubuhi, usiende Magharibi inaingia, ufa hauonekani kwenye taa ya duka. Nenda na pamba yako na rula yako, muuzaji akikasirika ukipima mnyororo wake mshukuru uondoke. Vua nguzo ya siti pale pale mbele yake. Kamata breki ya mbele sukuma usukani mbele na nyuma, ukisikia tak tak kwenye beringi za usukani labda zimelegea tu, kaza ujaribu tena, zikiendelea zimeliwa. Kisha iombe uipande robo saa, siyo mita hamsini nlizozipanda mie, pahala tambarare na mikono yako chini kwenye pembe za usukani, na usikilize vidole vyako.

Ukishaipata, siku ya kwanza kabla hujaipanda popote: nguzo ya siti grisi, bolti za shingo grisi, nyuzi za pedeli grisi. Pedeli ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha upande wa saa, kijana mmoja karibu aivunje kranki akilazimisha upande mwengine. Na kila ukirudi kutoka pwani, maji ya bomba kwa utaratibu bila presha, kitambaa, matone ya mafuta kwenye mnyororo, upanguse yanayobaki nje. Dakika kumi.

Ile ya buluu niliiuza. Nlivua siti na pedeli zangu nkabaki nazo, nkarudishia za mwanzo, nkamwita mtoto wa jirani, mrefu yule, anasoma skuli ya sekondari, nkampandisha kabla sijataja bei. Viwiko vyake vilikunjika vizuri, mgongo umelala, mikono imefika yenyewe. Nkamwambia babake hii ina kaseti mpya na mnyororo mpya, na kasoro yake moja ni kuwa ilikuwa kwa mtu mfupi.